Misalaba kwenye Makaburi ya Kambini

Bibi alitaka kitu kimoja kabla hajafa: baba yake apatikane alipolala, asomewe Yasini. Baba huyo alichukuliwa kwao Tongoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Bibi akiwa mtoto wa mgongoni, akapelekwa kambi ya kukata mkonge kwa lazima kusini ya Pangani. Hakurudi. Mimi nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo sikuwa na kisingizio.

Asubuhi niliondoka Tanga. Njia nzima niliwaza: nikilikosa kaburi nitamwambia nini? Nikilipata, nitajuaje kuwa ndilo? Pangani nilivuka kwa kivuko, nikapanda bodaboda kufuata barabara ya Mkwaja hadi kwenye mashamba ya mkonge.

Mwenyeji wangu, Mama Neema, niliyeelekezwa kwake na watu wa shambani, ni Mlutheri. Baba mkwe wake aliletwa kambini humo kutoka Njombe, akanusurika. Alinitengea ugali na kisamvu. Mimi macho mlangoni.

"Kula, msomi," akacheka. "Makaburi hayakimbii."

Kisha akanisimulia aliyoyasikia kwa mkwewe. Waliojaribu kutoroka walifungiwa ndani ya seng'enge, wakanyolewa, wakavikwa shingoni kibati chenye namba. Ukiitika kwa jina lako, viboko. Aliyekufa alifukiwa na gunia alilolalia, na kibati chake akavikwa mwingine.

Mchana tulifika makaburini. Pamepaliliwa vizuri, na kila kaburi lina msalaba wa mti wa mkonge. Kila Pasaka, akasema Mama Neema, familia yake hubadilisha iliyoliwa na mchwa. Kisha akauliza baba wa Bibi aliitwa nani.

"Bakari bin Athumani."

Akaziba mdomo. "Hatukujua nani ni nani, mwanangu. Tuliona wamefukiwa kama mbwa, tukasema angalau waonekane ni watu. Ng'oa msalaba wa kwenu."

Wa kwetu upi? Nilizunguka huku na huku, nikishika huu, nikiuacha. Mwisho nikampigia Bibi, nikamweleza yote. Akaomba kuzungumza na mwenyeji. Mama Neema alimwamkia, akasikiliza, akajifuta macho kwa kanga. Simu ikarudi kwangu.

"Mume wangu," Bibi akasema, kwa utani wake wa siku zote, "using'oe hata mmoja. Mtu aliyempalilia baba yangu hakosewi adabu. Simama katikati, mtaje jina kwa sauti, usome."

Nilimtaja, nikasoma. Mama Neema alisimama kando, ameinamisha kichwa.

Jioni nilirejea Tanga nikiwa bado na maswali: msalaba utamdhuru maiti? Majirani watasemaje? Ijumaa iliyofuata tulisoma hitma Tongoni, na Mama Neema akaja. Bibi alimketisha kwenye mkeka wa wafiwa, ubavuni kwake. Kila aliyempa Bibi pole alielekezwa kwa kidole: "Na huyu mpe. Msiba wetu mmoja." Hapo maswali yangu yalikwisha.