Dada wa Kisimani

Wasomaji wangu wana swali moja wasilochoka nalo: mbona katika hadithi zangu ndugu hawaachi kuoneana wivu? Wengine hudhani nyumbani kwetu tulitiliana sumu. La hasha. Kwetu Temeke tulilishana uji, na uji huo ndio ulionifundisha kazi hii.

Tulikuwa wasichana wawili, na dada alinizidi umri kiasi cha kutosha kuniamrisha. Utotoni kifua kilinisumbua, kwa hiyo mama aliniepusha na kazi nzito. Kisima kilikuwa mbali, nyuma ya mikorosho. Dada alirudi na debe kichwani, mimi nikimfuata na kopo langu, na mama akitupokea mlangoni alinisifu mimi. Niliona ni haki yangu kabisa.

Dada alinishinda kila kitu isipokuwa kusimulia. Baada ya magharibi, mihogo ikichemka, watoto wa majirani walijaa barazani kwetu. Nikisema, "Hadithi, hadithi," wao huitika, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Bila kuitikiwa hadithi haianzi, ndiyo kanuni. Na hadithi zangu zote zilikuwa na ndugu wawili wa kike, mkubwa akiwa na roho mbaya, na mwisho humsukumia mdogo wake kisimani. Mkubwa huyo alikuwa na mwanya, na alipenda kuimba puani akikuna nazi. Dada alikuwa na mwanya, na muda huohuo alikuwa uani akikuna nazi na kuimba puani. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu.

Jioni moja dada alitoka na mbuzi yake ya kukunia nazi, akaketi katikati ya watoto. Nikasema, "Hadithi, hadithi." Hakuitika. Watoto wakamtazama, na kwa kuwa ndiye mkubwa wao, nao wakanyamaza. Nikarudia. Hapakusikika kitu ila nazi ikikunwa. Jioni iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na nyingine tena, mpaka watoto wakahamia kwa jirani kucheza kombolela.

Nilinuna. Kuomba radhi nilikataa katakata. Hadithi ni hadithi, na wenye mwanya ni wengi. Lakini moyoni niliogopa. Nilikuwa na jambo moja tu la kujivunia duniani, na dada alikuwa amelizima kwa kufumba mdomo.

Wakati huo posa yake ilikuwa imekwisha pokewa. Mume alikuwa mtu wa Mbagala, na Mbagala ya siku hizo ilikuwa mashamba na pori, mtu haendi kusalimia akarudi kupika. Hata dada akawekwa ndani, sisi wawili bado hatusemezani.

Asubuhi ya harusi walimpaka hina mikono na miguu. Somo yake, yule kungwi aliyemfunda, akatoka kwenda kuangalia pilau, akaniachia bakuli la uji nimlishe bibi harusi, maana hina ilikuwa bado mbichi. Nikaketi mbele yake na kijiko. Sikatai, niliona raha kumtazama mtu aliyezoea kuniamrisha akifungua mdomo pale nitakapo mimi. Akameza, akasema, "Hadithi, hadithi."

Nikamwambia huu ni mchana, na anayesimulia mchana huota mkia.

"Nitaondoka nao Mbagala," akasema. "We itika."

Nikaitika.

Akasimulia hadithi yangu ileile. Ila yeye alianza na debe. Alieleza maji yanavyommwagikia mtu shingoni njia nzima, na jinsi mama anavyotoka mlangoni kulisifu kopo. Alipofika pa kumsukuma mdogo, nilikuwa nimekwisha kumhurumia yule mbaya wangu. Kisha akasema mkubwa alirudi nyumbani, akapata sifa zote, akala chakula chote, akalala katikati ya kitanda, na usingizi usije. Alfajiri akachukua kamba, akaenda kumtoa mwenzake.

"Hadithi zako tamu," akasema. "Lakini hujasema hata siku moja kwa nini alimsukuma. Wala kwa nini alimtoa."

"Kwa nini alimtoa?"

"Sasa atagombana na nani?"

Nikalia. Nilimpenda, na siku ya kujua hivyo ndiyo siku ya kumtoa nyumbani. Alisahau hina yake akanifuta machozi kwa kiganja, nami nikaenda harusini na doa shavuni. Somo alinigombeza sana kwa kuliharibu ua la hina kiganjani mwa bibi harusi.

Jioni, alipokwisha pelekwa kwa mumewe, watoto walirudi barazani na kuitika kwa kelele. Nikawasimulia ya kisima, nikaanza na debe. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeondoka.

Asubuhi yake mama alinipa kopo kama kawaida. Nikaliweka chini, nikachukua debe. Maji yalinimwagikia shingoni njia nzima, kama alivyosema.