Shangazi Kabula na Kamera Tupu

Nakumbuka mchana mmoja kijijini kwetu Nyashimo, miaka ya hamsini, nilipomdanganya mtu aliyenipenda. Sijawahi kukusimulia, mwanangu. Kaa.

Nilikuwa mwalimu kijana mwenye kamera ya kisanduku, filamu yake picha nane tu. Wenzangu wangepiga maharusi na baiskeli mpya. Mimi, sijui ni wazimu gani, nilipenda majabali ya nyuma ya nyumba yetu. Tena si jabali zima; nilisogea karibu mpaka ubaki ufa peke yake, au mshipa mweupe, au madoa kama ngozi ya ng'ombe. Siku ile nilizimaliza zote nane kwenye jiwe moja.

Niliposhuka, nikamkuta Shangazi Kabula, dada ya baba, aliyenilea. Amevaa khanga mpya, amejipaka mafuta.

"Nipige picha, nimpelekee Masanja," akasema. Masanja ni mwanawe, alikuwa migodini, mwaka wa nne hajarudi.

Nikaona aibu kusema filamu imekwisha. Nikamsimamisha juani, nikabonyeza kamera tupu.

Tangu hapo kila asubuhi hunisalimu kwa lugha yetu: "Mwangaluka. Picha yangu je?" Nami najibu, "Bado inasafishwa Mwanza, shangazi." Hata picha zilipofika, mawe matupu, nikampelekea, nikapiga magoti, nikasema kweli.

Hakugomba. Alizitazama moja moja, akacheka kidogo. "Hapa ndipo ninapoanika mtama! Umelitazama jiwe hili kuliko mimi ninayelikalia." Kisha akanirudishia. "Lakini nilisimama pale namwona Masanja akiniangalia. Ungesema imekwisha, ningevua khanga nikaendelea na kazi. Basi."

Hilo "basi" liliniuma kuliko fimbo.

Nilipopata filamu nyingine nilimpiga picha yeye kwanza, uso wake kwa karibu, mikunjo yote. Masanja alipoipata alijibu kwa barua fupi: "Sikujua mama amezeeka hivi. Nakuja." Akaja kweli, pamba ikiwa bado shambani. Nami hujiuliza mpaka leo, je, kama ningeendelea kusema "bado", angekuja lini?

Mwanangu, penda unachokipenda hata wakikucheka. Mimi mawe yale sijayaacha. Ila usimwache mtu akingoja kitu usichokuwa nacho, kwa kukwepa aibu ya dakika moja. Sema "sina" siku ile ile. Anayekupenda atakuelewa.

Mungu akuongoze, akupe watu wa kukungoja, nawe uwafikie wakiwa hai.