Maji ya Zamu ya Tatu

Enzi zetu pale Gendabi maji hayakumwagwa, yalistaafishwa. Najua wapo wazee watakaosoma hapa wacheke: huyu binti wa juzi naye ana enzi zake? Ninazo. Sisi tuliosomea kibatari cha kopo, tukabeba madumu ya njano kichwani, halafu simu za kupangusa zikatukuta tumeshamaliza darasa la saba, tuna enzi zetu. Ni fupi, lakini zimejaa. Wenzangu wa rika hilo, mliokulia Hanang na nyie wa huku Mbulu, sogeeni kidogo niwakumbushe.

Nyumbani kwetu maji yalikuwa na zamu tatu. Kisima kilikuwa mbali, punda alikuwa wa jirani, na mama yangu alikuwa mtu wa kulijua kila tone lilipokwenda. Zamu ya kwanza yaliosha mboga za maboga. Zamu ya pili yaliosha miguu yetu tuliporudi shule na vumbi mpaka magotini. Zamu ya tatu yalikwenda kwenye mimea nyuma ya jiko. Ukiyamwaga kabla hayajamaliza zamu, mama hakugomba. Aliuliza tu kwa upole ule unaotisha kuliko fimbo, "Paskalina, hayo maji yamekukosea nini?"

Hakuna kitu kilichoachwa kife mapema. Magunzi ya mahindi tuliyopukuchua yalikuwa wanasesere wetu asubuhi na kuni za makande jioni. Niliwahi kulia kwa sababu mwanangu wa gunzi, niliyemvisha kitenge vizuri kabisa, ndiye aliyeivisha maharage. Majivu yalisugua sufuria mpaka ukajiona meno, yaliyobaki yakalinda mbegu dhidi ya wadudu. Kandambili ikikatika ilitiwa waya, ikikatika tena ilitiwa msumari, na ikishindikana kabisa ilikatwa ikawa magurudumu ya gari la mtoto. Mifuko ya plastiki, ile ya rambo, kabla haijapigwa marufuku, mama aliifua na kuianika kwenye ua wa miiba, ikapepea kama bendera za sherehe. Wageni waliuliza, jamani, hapa kuna harusi?

Na jirani yetu upande wa chini alikuwa Mama Gidamis, wa familia ya wafugaji. Tukishavuna, ng'ombe wake waliingia shambani wakala mabua, wakatuachia samadi. Sisi tukapata mahindi mazuri mwaka unaofuata, yeye akapata maziwa, na maziwa yale nusu yake yalikuja kwetu. Sikumbuki kikao chochote kilichokaliwa juu ya jambo hilo. Ng'ombe walikuja, shikamoo zikatolewa, basi.

Maziwa hayo yalikuwa ya bibi yangu, mama yake baba. Aliyaweka kwenye kibuyu chake cha siku zote, cheusi kwa moshi, chenye mshono wa uzi mkavu ubavuni mahali kilipopasuka zamani. Yakiganda humo yalikuwa na harufu ya moto na ya majani makavu, na bibi alikunywa macho yamefumba, kama mtu anayesali. Kibuyu kilining'inia ukutani nje ya jiko. Ukuta huohuo ndio tuliochezea rede.

Mnajua mlivyokuwa mnarusha. Mpira wenyewe ulikuwa wa soksi na matambara, lakini siku hiyo ulikuwa umelowa, mzito, na mimi nilikuwa na hasira maana nilishakosa mara mbili. Nikarusha. Aliyelengwa akainama. Kibuyu kikaanguka, na mshono ule uliovumilia miaka yote ukasema sasa basi.

Bibi hakunipiga. Aliokota vipande kimoja kimoja. Kikubwa akakifanya kata ya kuchotea unga, kidogo akakipa kuku kiwe chombo cha maji. Nikamwambia, "Bibi, tumwombe mama akununulie jagi la plastiki mnadani." Akaniangalia kama nimemtukana.

"Kibuyu hakinunuliwi wakati mbegu zipo," akasema. Akafungua kitambaa kilichofungwa kwenye boriti juu ya mafiga, akatoa mbegu tatu.

Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni. Alizipanda nyuma ya jiko, akaniambia maji yote ya zamu ya tatu ni ya mbegu hizi, na mwenye kazi ni mimi. Ikaota moja tu. Ikatambaa juu ya ua, ikatoa maua meupe yanayofunguka jua likizama, na mwishowe ikashika vibuyu viwili.

Ila kulikuwa na jambo lililoninyima raha. Tangu kibuyu kivunjike, bibi aliacha maziwa. Mama aliyaweka kwenye kidumu kilichooshwa vizuri kabisa, bibi akanusa, akarudisha. "Haya yananuka duka," akasema. Mwezi ukapita, miezi ikapita. Mikono yake ikawa myembamba, bangili ikawa inapanda mpaka karibu na kiwiko. Nilimsikia mama akimnong'oneza Mama Gidamis kwamba mzee anapungua. Mimi nilijua nani kampunguza.

Kila Jumapili baada ya kanisa bibi alikwenda kuvipima vibuyu kwa ukucha wa dole gumba. "Ukucha ukiingia, ni mtoto," alinifundisha. "Ukucha ukigoma, ni mtu mzima, unaweza kumkata." Kila Jumapili ukucha uliingia. Nilikuwa nakufa.

Siku moja nilirudi shule nikamkuta bibi amelala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikaenda nyuma ya jiko mwenyewe. Nikabonyeza kile kibuyu kikubwa kwa dole gumba langu. Hakikuingia kitu! Nikabonyeza tena kwa nguvu. Kimegoma! Nikafurahi mpaka nikaruka. Nikachukua kisu, nikakikata, nikakificha kwenye kichanja juu ya moto kikauke kwa moshi, ili siku moja bibi aamke akikute tayari kimejaa maziwa.

Baada ya siku chache jiko likaanza kunuka. Mama alidhani panya amefia darini. Bibi akapanda kigoda, akapapasa, akashusha kitu kilicholegea, kimekunjamana kama shavu la mtu aliyetoka kulia. Mama Gidamis alikuwepo, alikuwa ameleta maziwa, akashika pua.

"Nani alikipima?" bibi akauliza.

"Mimi, bibi. Ukucha uligoma."

Akanivuta mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Wenzangu, mimi nilikuwa mlaji wa kucha. Nilizila darasani, nikazila kanisani, nilizila mpaka zikaisha. Bibi alitazama kile kidole, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Ukucha upi?" akasema. "Njooni muone! Huyu kapima kibuyu kwa nyama ya kidole!"

Wakacheka wote watatu. Mama Gidamis alicheka mpaka akaweka maziwa chini. "Huyu tumwite Mama Kucha," akasema, na jina hilo lilinifuata mpaka darasa la saba. Lakini mimi nilikuwa nalia, siyo kilio cha aibu.

"Sasa hutakunywa maziwa tena," nikasema. "Utakufa, na ni mimi."

Kicheko kikakatika. Bibi akakaa pale pale kwenye kigoda, akanivuta katikati ya magoti yake. Nadhani hakuwa amejua kwamba namwangalia kiasi kile. "Kimebaki kimoja," akasema. "Maji yake utampa wewe, na kumpima ni wewe. Lakini kwa ukucha. Usile huo wa dole gumba mpaka Krismasi."

Akamgeukia jirani. "Mama Gidamis, nipe hayo maziwa kwenye kata ya unga. Nisije nikafa huyu mtoto akajinyonga." Akanywa kidogo, akakunja uso, akanywa tena. Kwa ajili yangu tu. Aliyanywa hivyo hivyo, kila siku, kwenye kipande cha kibuyu nilichovunja.

Sikuwahi kufanya kazi ngumu kama kulinda ule ukucha. Nilikalia mkono kanisani. Nilipoona umefika mahali pa kuitwa ukucha nilimwonyesha kila mtu njiani mpaka mwalimu akaniambia inatosha. Na wiki ile ya Krismasi, kikonyo kimeshakauka rangi ya kahawia, bibi akanisogeza mbele. Nikabonyeza. Ukucha ukagoma. Nikabonyeza tena, ukakatika! Sijawahi kufurahia ukucha uliokatika kama siku ile.

Tulikikausha, tukakitoa nyama yake kavu, tukatia kokoto na maji tukakitikisa. Mama Gidamis akaleta kijiti cha mti wenye harufu nzuri, akakichoma, akasugulia ndani. Maziwa yalipoganda bibi alikunywa macho yamefumba kama zamani, halafu, bila kuyafumbua, akanyoosha kibuyu kuelekea nilipokuwa nimekaa. Alikitumia miaka mingine mingi, mpaka alipotuacha.

Siku hizi nipo Dongobesh, nashona nguo, nimepanga vyumba viwili, na ndoto zangu ni za nyumba yenye ua mrefu. Maji tunayo uani, ukifungua yanatoka, ukisahau kufunga yanaendelea kutoka, na hakuna anayekuuliza yamekukosea nini. Jagi nimeshanunua la nne. Likipasuka halishoneki, linakwenda kulala mtaroni. Juzi kijana wa jirani alinionyesha kwenye simu mtu akifundisha utunzaji wa mazingira nyumbani, kwamba maji yanaweza kutumika mara mbili. Mara mbili! Mama yangu angemwona yule mtu ni tajiri. Kijana anasema, dada, huu ni ujuzi mpya. Nikamwitikia tu, maana watoto wa siku hizi mpaka kitu kiwe na video ndiyo kinakuwa kweli. Lakini moyoni nilitamani aje hata siku moja kwenye lile jiko, aone watu waliokuwa hawana kitu na bado hawatupi kitu.

Mama alinipa kile kitambaa cha mbegu. Mwaka huu nimepanda nyuma ya jiko, imeshika kibuyu kimoja. Jana binti yangu Neema, ana miaka mitano, alinishika mkono akauliza kwa nini kucha zangu zote fupi isipokuwa ya dole gumba. Nikampeleka tukapime. Ukucha ukaingia.

"Bado mtoto," nikamwambia.

Akafikiri. Akakimbia ndani, akarudi anakokota beseni la maji aliyooshea miguu, nusu yameshammwagikia. Akasimama mbele ya shina, akaniangalia.

"Mama, haya yamemaliza zamu?"

Nikamwambia bado, yamebakiza moja.