Namba Thelathini na Tatu, Mara Mbili

Arlene Hudak alikuwa mtu wa kukalia ncha ya kiti. Hata kanisani, padri hajamaliza kusalimu, yeye ameshaangalia mlango mara mbili. Pale Kerrsburg watu walisema ni duka la magari lililomharibu. Mtoto aliyelelewa akichungulia dirishani kuona nani kaegesha, anatazama nini, na viatu vyake vinasema ana uwezo gani, hatulii tena hata uzeeni.

Jumamosi ya maonyesho ya magari ya zamani alifika uwanja wa wazima moto kabla ya wazima moto wenyewe. Aliegesha gari lake la rangi ya chungwa, akalihamisha kwa sababu ya jua, akalirudisha pale pale. Lilikuwa na mistari miwili myeusi kutoka boneti hadi mkiani, na kwenye dashibodi kibati kilichogongwa maneno: HUDAK MAALUMU, NAMBA 33 KATI YA 40.

Marehemu Emil Hudak, baba yake na mwenye lile duka, ndiye aliyeyatengeneza magari hayo. Aliletewa magari ya kawaida kutoka kiwandani Detroit, akayaingiza gereji ya nyuma ya duka, akatoa injini na kutia kubwa zaidi, akapiga mistari, akabandika kibati, akauza kwa bei aliyoipenda. Kiwanda hakikutuma wala hakikuulizwa. Basi tangu hapo wapenzi wa magari wanabishana. Wako wanaosema hayo ni toleo maalumu kama mengine, na wako wanaosema ni gari la kila mtu lililovishwa koti na muuza duka.

Klabu ya magari iliyoandaa maonyesho ilikuwa na kipimo chake, na huko hakuna asiyekijua. Gari la siku ya kwanza ni lile lililotoka dukani na mbwembwe zake zote, mwenyewe hajashika funguo. La siku ya pili ni lile ambalo mwenyewe alirudi nalo baadaye kuongezewa. Likiwa la siku ya kwanza, na idadi yake ikajulikana, linapata stika ya buluu na kukaa mbele, kundi la Toleo Maalumu. Likikosa, linasukumwa nyuma kwenye Yaliyobadilishwa, jirani na vyoo vya plastiki.

Stika hiyo ndiyo iliyokuwa ikimhangaisha Arlene. Nyumba yake ilishapata mwenyewe mpya, na kwa dada yake kule Erie, alikokuwa anahamia, hapakuwa na gereji. Gari lisipoondoka leo litalala nje msimu wa theluji, na chumvi inayomwagwa barabarani huko hula bodi kama panya alavyo jibini. Bwana mmoja wa Ohio, Dale Ostrander, alimpigia simu majira yote ya baridi akiliulizia. Neno lake lilikuwa moja: jaji akibandika buluu, nalichukua. Sasa alikuwa amesimama kando na kikombe cha kahawa, anajifanya anatazama trekta.

Arlene mwenyewe aliuza gari lake la kwanza akiwa bado mwanafunzi, baba yake akiwa kaenda kunyolewa. Emil alipofariki akalishika duka, akalibeba hadi kiwanda cha chuma kilipofunga na watu wakaacha kuuliza bei ya magari, wakawa wanauliza bei ya mkate. Alilifunga kwa mkono wake. Bango la taa alimuuzia mwenye baa. Alilia siku hiyo tu, na ni kwa sababu bango liliondoka kwa bei mbaya.

Jaji, Lyle Brandstetter, alikuwa ameshalizunguka gari la Arlene na kioo chake cha kijiti, amelichungulia chini, ametikisa kichwa kwa kuridhika. Stika ilikuwa tayari imebanduliwa kwenye karatasi yake, imening'inia kidoleni. Hapo ndipo uliposikika mngurumo wa ekzosi ya gari jingine langoni.

Lilikuwa la rangi ya chungwa, lenye mistari miwili myeusi. Kwenye usukani alikuwa Stush Gorski, mchomeleaji mstaafu wa kile kiwanda cha chuma, akiendesha gari la kaka yake Leon aliyefariki mwaka uliopita.

"Nipisheni! Mfalme amefika," Stush akapiga kelele.

Lyle akainama dirishani, akasoma kibati. Akarudi akasoma cha Arlene. Akarudi tena.

"Stush, hii namba umeitoa wapi?"

"Imekuja na gari. Kwani wewe pua yako uliitoa wapi?"

"Thelathini na tatu ni hili la Bi Arlene. Namba moja haiwezi kukaa magari mawili. Mojawapo linanidanganya."

Watu wakasogea. Wote walimtazama Stush. Arlene hakutazamwa na mtu. Angetazamwaje binti wa mwenye duka? Stush alikunja kofia yake mkononi, utani umemwisha.

"Leon alilinunua kwa Mzee Emil. Mimi nilikuwepo, nimekaa kiti cha nyuma."

"Bi Arlene," Lyle akasema kwa upole, kidole na stika hewani, "sema neno moja tu tumalize. Lako ndilo?"

Arlene akalizunguka gari lake. Akaligusa tairi kwa kiatu kama mteja. Akazunguka tena.

Kibati cha Leon alikijua vizuri sana, kwa sababu nyundo ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Yote yalianza na Bucky Yurick, kijana wa sekondari ya pale, aliyechukua mpira dakika za mwisho akawapita wavulana wote wa Marlow, mji wa ng'ambo ya mto, mgongoni amevaa namba thelathini na tatu. Tangu jioni ile hakuna kijana wa Kerrsburg aliyetaka gari namba nane. Emil alikuwa na boksi la vibati vitupu na nyundo. "Unataka namba ngapi, kijana?" "Thelathini na tatu, Mzee Emil." "Haya, Arlene, mgongee." "Baba, si tulishaitoa hiyo?" "Wewe uza gari. Mteja anataka namba ya Bucky, wewe unampa ya shangazi yake?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Stika ingebandikwa, Ostrander angetoa kalamu, na kabla ya chakula cha mchana gari lingekuwa safarini Ohio. Na Stush angerudi nyumbani na gari la kaka yake likiitwa la bandia mji mzima.

Si kwamba Arlene alikuwa mtakatifu. Aliwahi kuegesha magari yenye kutu upande mzima ukitazama barabara, na hakukosa usingizi. Lakini kumwachia mteja aone anachotaka ni jambo moja. Kuchukua mali ya mtu ukaiita takataka ili yako ing'ae ni jingine. Hilo la pili hakuwahi kulifanya, na asubuhi ile hakuona sababu ya kuanza.

"Yote mawili," akasema.

"Yote mawili nini?"

"Yote mawili ni thelathini na tatu. Baba aligonga namba uliyotaka. Mji mzima ulitaka ya Bucky."

Nyuma mtu akacheka, kisha wakacheka wengi. Lyle hakucheka.

"Kwa hiyo yalikuwa arobaini, au hayakuwa?"

"Vibati ndivyo vilikuwa arobaini. Boksi lilikuja na arobaini."

"Na kama boksi lingeisha?"

"Waliisha wateja kwanza."

"Na siku ya kwanza? Yalitoka dukani hivi?"

"Langu, ndiyo. La Leon lilitoka jekundu, halina mstari. Akarudi baadaye."

"Alirudi," Stush akadakia, "kwa sababu mama alisema linafanana na la mwalimu wa hesabu!"

Lyle akairudisha stika kwenye karatasi yake, taratibu, kama mtu anayefunika maiti. "Kiwanda hakijui, namba zinajirudia, idadi ni ya boksi. Samahani, Bi Arlene. Hili si toleo maalumu. Hii ni biashara tu."

"Asante. Baba angeyaandika hayo kwenye bango."

Wakayasukuma yote mawili nyuma, pembeni ya vyoo. Haikupita muda Ostrander akatokea, uso wa mtu aliyekuja msibani lakini ana njaa.

"Bi Arlene, nasikitika. Sasa si halisi tena."

"Halisi ya nani? Ya Detroit sijawahi kukuahidi. Ni Hudak halisi. Anayekuuzia ndiye binti wa aliyelitengeneza. Unataka uthibitisho gani, nikuoneshe mfupa wake?"

Ostrander akataja bei mpya. Arlene akataja yake. Bwana yule akatikisa kichwa, akaondoka kuelekea kwenye trekta.

Emil alikuwa na sheria: ukishataja bei, kaa, ufunge mdomo, atakayesogea kwanza ndiye atakayelipa. Arlene alimfundisha kila muuzaji wake sheria hiyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuiweza. Miguu ilikuwa inamwasha. Alishainua kisigino.

"Kaa, wewe mwanamke," Stush akamwambia, akimsukumia kiti cha kukunja. Kisha akamwekea mapajani sahani ya pierogi, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, vinavyochuruzika siagi na vitunguu. "Haya, simama sasa, ujiunguze."

Arlene akakaa, akaanza kula. Ostrander alimaliza trekta, akaanza gari la zimamoto, akalimaliza nalo. Akarudi akijifanya anapita.

"Hizo thelathini na tatu ziko ngapi?"

"Ninazozijua mimi zilikuwa nne. Moja ilikumbatia mti. Nyingine ilikatwa vyuma chakavu."

Akasimama anawaza. Akatazama la Arlene, akatazama la Stush. "Kwa hiyo duniani yamebaki haya mawili tu."

Arlene akatafuna.

"Mawili tu," Ostrander akarudia, safari hii akijiambia mwenyewe, na mkono ukaenda mfukoni kutafuta kalamu. Bei waliyokubaliana ilikuwa chini ya ile ya stika ya buluu na juu sana ya ile mpya aliyoitaja Ostrander. Kwenye karatasi ya mauzo Arlene aliandika kwa herufi kubwa: limebadilishwa na Hudak, limeuzwa na Hudak. Asije mtu akasema baadaye hakuambiwa.

Gari lilipotoka langoni hakulipungia. Alikuwa ameshainuka, analizunguka lile lililobaki, anagonga tairi kwa kiatu.

"Stush."

"Haliuzwi."

"Nani kasema linauzwa? Nawaza tu. Yule bwana akifika Ohio, akiliegesha peke yake, ataanza kulitamani na hili."

"Arlene, kaa chini."

"Nimekaa leo, inatosha," akasema, akafungua mlango kuangalia viti.