Nyuma ya Jicho la Chiriku

Mzee Lenzi alimpima mgonjwa kwa dakika saba, na dakika hizo alizijivunia kupita kiasi. Alikuwa mpimaji macho wa kituo cha afya, chumba cha mwisho ukishapita dirisha la dawa: kiti kimoja cha kuzunguka, ubao wa herufi ukutani, na sanduku la lenzi alilolijua kwa vidole. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Miaka ishirini na sita aliwavisha watu miwani, akawatania, wakatoka wanacheka.

Kwenye droo alikuwa na kurunzi ndogo ya kuchungulia nyuma ya jicho. Hiyo ilikuwa ya wazee wenye kisukari na shinikizo la damu. Mtoto hakumpima nayo hata siku moja. Mtoto hatulii, anapepesa, anakumalizia nusu saa huku foleni inanung'unika mlangoni; na isitoshe, alizoea kusema, nyuma ya jicho la mtoto kuna nini cha kuona? Hakuna mwalimu aliyemfundisha hivyo. Alijifundisha mwenyewe, kwa hiyo wa kumlaumu ni yeye peke yake.

Chiriku aliletwa na mama yake, mpishi wa shule. Alikuwa na miaka minane na mdomo usiojua kupumzika, ndiyo maana nyumbani walimpa jina hilo. Mama alieleza kwamba mtoto anaona vitu viwili viwili, na akiamka kichwa kinamuuma.

"Viwili viwili?" Mzee Lenzi alimtania. "Mbona una bahati! Ukipewa peremende moja, kwako mbili."

"Lakini babu, ile ya pili haishikiki!"

Walicheka wote watatu. Akampa miwani, dakika saba hazijatimia.

Mwezi uliofuata walirudi. Chiriku alikuwa akiinamisha shingo upande mmoja kila alipotazama kitu. Mzee Lenzi akasema fremu imemzidi, akaibadilisha. Mama akataja pia kwamba mtoto anatapika asubuhi, kisha mchana anakuwa mzima kabisa.

"Hiyo minyoo, mama. Pitia pale dirishani upewe dawa."

Mama alimwamini. Kwa nini asimwamini? Alikuwa amevaa koti jeupe.

Mara ya tatu ilikuwa wiki sita baadaye. Chiriku alijikwaa kizingitini, akaketi, na hakusema neno. Ukimya huo ndio uliomshtua Mzee Lenzi. Dalili zenyewe zilikuwa zimemlilia miezi miwili na zaidi asizisikie. Akafungua droo, akawasha kurunzi, akainama. Pale mshipa wa kuonea unapoingia jichoni panatakiwa duara lenye ukingo safi. Ukingo haukuwepo. Palikuwa pamevimba na kuvilia damu, macho yote mawili. Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa siku ileile.

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe kwenye ubongo, upande wa kisogoni, umeziba njia ya maji ya ubongo. Madaktari wakapasua, wakautoa wote. Ulikuwa wa aina isiyosambaa, na mtoto alipona. Lakini yale maji yaliyokosa njia yalikuwa yameibana mishipa ya macho kwa muda mrefu mno, na Chiriku alipozinduka hakuona kitu. Hakuona tena.

Daktari wa upasuaji alimpigia Mzee Lenzi simu kumpongeza kwa barua yake. "Kama angefika wiki sita mapema, na macho tungeyaokoa," aliongeza. Mzee Lenzi alihesabu wiki sita kwenye kalenda, kidole kikaangukia ile siku ya minyoo.

Baada ya matibabu, mama alikuja kituoni na Chiriku ameshika kiwiko chake. Mbele ya foleni nzima akasema, "Jamani, huyu ndiye aliyemwokoa mwanangu!" Watu wakampigia makofi. Mzee Lenzi angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, nisiwadanganye. Yeye alimwomba muuguzi akae na mtoto kwenye benchi, akamwingiza mama ndani, akafunga mlango na kumwambia yote: kurunzi, droo, dakika saba, wiki sita.

Mama aliukunja na kuukunjua mkanda wa mkoba wake.

"Mzee wangu," alisema hatimaye, "tangu mwanangu aingie gizani nimegombana na kila mtu. Baba yake, walimu, hata Mungu. Nilibaki na wewe tu wa kumshukuru. Sasa umeninyang'anya na hilo."

"Nisamehe, binti yangu."

"Sijui kama naweza. Usiniulize leo."

Akatoka. Mlango haukufungika vizuri, na Mzee Lenzi akamsikia Chiriku kule kwenye benchi.

"Mama, umemshukuru babu vizuri?"



"Nimemshukuru," mama akajibu, na hapo ndipo Mzee Lenzi alipolia.