Mama Nyamaza na Upanga wa Mwanzi

Wanafunzi wa chuo walimpachika jina la Mama Nyamaza, na kusema kweli alijitakia mwenyewe. Alikuwa mkutubi. Miaka yote ile kazi yake kubwa ilikuwa kuwatolea macho wanaonong'ona maktabani, na jioni alirudi nyumbani na kazi hiyohiyo. Kwake vijiko havikugonga sahani, na milango ilifungwa kwa adabu.

Siku moja binti yake, aliyekuwa akisoma chuoni hapohapo, akamwambia, "Mama, mwisho wa mwezi nahamia kwa mama mdogo. Kule redio inalia, watu wanagombana, wanacheka. Hapa nasikia mpaka friji ikipumua."

Mtoto mwenyewe ndiye huyo huyo mmoja. Mama Nyamaza akasema, "Sawa," kwa sauti ya chini, kisha akaenda kulia jikoni, kwa sauti ya chini vilevile.

Aliposikia kwamba binti amejiandikisha kujifunza kendo, ule mchezo wa Wajapani wa kupigana kwa upanga wa mwanzi, naye akajiandikisha. Mambo ya panga hakuyajua hata chembe. Alitaka tu kuwa alipo mwanawe.

Siku ya kwanza wanafunzi walijipanga ukumbini pekupeku, kila mtu na woga wake. Mwalimu, bwana mfupi mwenye kifua kama kabati, akawaeleza: mmoja anainua upanga wake juu ya kichwa, mwenzake anaupiga huku akipaza sauti, "Men!", yaani kichwa. Bila ukelele pigo halihesabiwi, hata lingekuwa zuri namna gani.

Ukumbi mzima ukalipuka. "Meeen!"

Na Mama Nyamaza, kabla hajajizuia, akaweka kidole mdomoni. "Shiii!"

Jamaa mmoja akaficha simu. Mwalimu mwenyewe alibaki na upanga hewani, kama mtu aliyefumaniwa akila ndani ya maktaba. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama," mwalimu akasema akiushusha upanga, "hapa kelele ndiyo kazi yenyewe. Haya, wewe na binti yako."

Binti akainua upanga. Mama Nyamaza akaupiga. "Men," akasema, kama anayeomba radhi.

"Halihesabiwi."

Akapiga tena, akanong'ona tena.

"Halihesabiwi!"

Wenzao wakaanza kucheka chini chini. Binti akasema, "Mama, basi, usijitese. Twende nyumbani, hata hivyo nina mizigo ya kufunga."

Hapo uzalendo ukamshinda. Mama Nyamaza akaruka mbele, akaushusha upanga wake ukalia paa!

"USIHAME!"

Njiwa walitimka juu ya paa. Mwalimu akakuna kidevu.

"Neno silo," akasema, "lakini pigo nimelihesabu."

Binti alikuwa amesimama palepale, machozi yanamlengalenga na kicheko kinamtoka. Akainua tena upanga juu ya kichwa.

"Sijasikia vizuri, Mama," akasema. "Rudia."