Namba ya Tatu

Wakati wa vita barabara ya kusini ilikuwa haipitiki, mizigo ya Kigoma ikapitia ziwani. Mume wangu aliendesha boti ya mizigo. Mimi nilishinda bandarini Bujumbura, chumba cha redio, nikingoja sauti yake kila alasiri. Wanasema subira huvuta heri. Mi ilinivuta nywele. Kukaa siwezi, kusimama siwezi. Nafunga kitenge, nafungua, nafunga tena.

Alikuwa na GPS, kidude cha mkononi kinachonasa setilaiti na kutoa namba tatu: mbili za mahali kwenye ramani, ya tatu ya kimo juu ya usawa wa bahari. Kila siku alitaka kuzisoma zote, asiruke hata moja. Nilimgombeza kila mara: ziwa halipandi mlima, kimo ni kile kile, mita mia saba sabini na kitu, unamaliza betri bure! Nilikuwa namkata kabla hajaifikia, na bandari nzima ikitucheka.

Siku moja alichelewa. Nilizunguka chumba mpaka mdogo wangu, fundi wa injini mwenye boti yake ndogo, akalalamika kwamba namtia kizunguzungu. Ndipo redio ikakohoa. Mume wangu alisema mafuta yamewaishia karibu na ufuko, wako salama, mdogo wangu awapelekee mafuta. Akasoma namba mbili. Kwenye ramani zikaangukia kando ya maji, pale milima inaposhuka hadi ziwani. Alhamdulillahi, nikasema. Mdogo wangu alishabeba jerikeni.

"Andika na ya tatu, Mama watoto. Elfu moja na mia mbili."

Boti haifiki huko. Alikuwa mlimani, mikononi mwa watu wenye bunduki, na watu hao walitaka boti ya pili. Kwao ilikuwa namba tu.

Nikamkamata mdogo wangu shati, nikamtikisia kichwa. Lakini ningesema haji, wangemuua mume wangu pale pale.

"Nimesikia zote tatu," nikajibu. "Anakuja."

"Vizuri. Leo we umeniacha nimalize."

Redio ikanyamaza. Sikumsikia tena.

Mdogo wangu sasa ana wajukuu. Vita vilipokwisha ni yeye aliyenipandisha mlimani, kidude kingine mkononi, hadi namba zote tatu zikalingana na zile. Tulikuta shamba la mihogo. Mdogo wangu akasoma Fatiha. Mimi nikakaa chini, nikakaa mpaka jua likazama.